Nyumba Imekwisha Chukuliwa

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa idhini ya Kamati



Katika mkutano wa mwaka uliopita mzee mmoja alisimama pale nyuma akauliza swali ambalo Kamati haikuweza kulijibu siku ile. Aliuliza hivi: ikiwa mtoto wetu ananyimwa chumba cha kupanga mjini kwa sababu ya jina lake tu, Chama hiki kina kazi gani zaidi ya kuchanga fedha za maziko? Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana hapakuwa na la kuchekesha. Mwenyekiti akatuagiza sisi tulio ofisini tulichunguze jambo hilo, tusome habari za watu wengine waliopatwa nalo kabla yetu, kisha tuje tuseme mbele yenu. Haya ndiyo tuliyoyapata. Twaomba radhi mapema kwa urefu wake, na kwa majina ya kigeni yatakayotukwaza ulimi.

Yafaa kwanza tukumbushane swali lile lilitoka wapi. Kijana wa mwanachama mmoja, aliyekuwa amepata kazi ya kudumu, alipiga simu kuuliza habari za nyumba ya vyumba viwili. Akaambiwa ipo, aje na kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana. Akafika jioni ile ile. Mwangalizi wa nyumba akamwuliza jina la baba yake, tena akamwuliza kwao ni wapi. Alipojibu, mwangalizi akaingia ndani, akatoka, akasema kwa upole sana, "Pole ndugu yangu, nyumba imekwisha chukuliwa." Siku ya pili yake rafiki yake wa kazini, mtu wa kabila jingine, akapiga simu kwa nambari ile ile. Nyumba ilikuwapo. Mwisho wa mwezi akahamia.

Basi, ndugu zetu, ushahidi tulikuwa nao mkononi, nasi tukauacha ukamwagika. Habari ilifika ofisini baada ya miezi miwili, nasi tukaiandika nyuma ya stakabadhi ya michango, bila tarehe. Yule rafiki hakutaka kusikia neno lolote juu ya shauri hilo, kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya nyumba ile ile na hakutaka kutolewa. Wakili tuliyemwendea alituuliza mambo manne tu: ilikuwa siku gani, saa ngapi, nani aliyesema, na alisema kwa maneno gani. Hatukuwa na jibu kamili hata la jambo moja. Kosa hilo lilikuwa la ofisi, wala si la kijana, nasi twalikiri hapa ili liandikwe katika taarifa ya mwaka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hatukufikiri kwamba hata dhuluma yahitaji daftari.

Wazee wachache walio pamoja nasi, waliofika Nairobi zamani za ukoloni, hawakuhitaji kubahatisha namna hii. Zamani hizo jambo lilikuwa wazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 ilimpa Gavana uwezo wa kuzuia ardhi isitoke kwa mtu wa rangi moja kwenda kwa mtu wa rangi nyingine, na katika mitaa ya juu ya mji viwanja viliuzwa kwa hati zenye sharti kwamba Mwafrika au Mwasia asikae humo, ila akiwa mtumishi wa nyumbani. Mwafrika alitengewa Pumwani, na baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na mitaa mingine ya upande ule. Aliyekataliwa alijua amekataliwa na nani na kwa sababu gani. Sisi tuliozaliwa baada ya Uhuru tumeukuta mlango mwingine, unaofungwa kwa tabasamu.

Tulipotafuta watu waliopambana na mlango wa namna hiyo, tuliwapata Wamarekani Weusi. Tuliwachagua kwa kuwa wao walifungiwa kwanza na sheria, kisha na hati, kisha na uongo, na kila mara walikuwa na chama nyuma yao.

Mwaka 1914 mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, ulitunga sheria kwamba mtu mweusi asihamie katika nyumba ya mtaa wenye weupe wengi, wala mweupe asihamie penye weusi wengi. Sehemu hii ya pili, kwa maoni yetu, iliwekwa ili sheria ipate sura ya haki. Chama kiitwacho NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909 kwa kutetea watu weusi, kilikuwa na tawi mjini humo. Kiongozi wa tawi, William Warley, alipatana na dalali mmoja mweupe, jina lake Buchanan, amwuzie kiwanja katika mtaa uliokatazwa. Ndani ya mapatano Warley akatia sharti: hatalipa ikiwa sheria haimruhusu kukaa juu ya kiwanja hicho. Kisha akakataa kulipa. Buchanan akamshtaki.

Wazee mtaona ujanja wake. Mzungu ndiye aliyesimama kortini akasema sheria ile ni mbaya, kwa kuwa ilimzuia kuuza mali yake. Na mtu mweusi aliyeshtakiwa alikaa akitumaini kushindwa. Korti za Kentucky ziliiunga mkono sheria ya mji, lakini tarehe 5 Novemba 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja. Aliyekuwa Rais wa NAACP, wakili Moorfield Storey, ndiye aliyesimama upande wa Buchanan. Majaji, hata hivyo, waliegemea zaidi haki ya mwenye mali ya kuuza anakotaka kuliko haki ya mtu mweusi ya kukaa anakotaka. Chama kilichukua ushindi kama ulivyokuja.

Sheria ilipokufa, watu walishika kalamu. Wenye nyumba wa mtaa mmoja walipatana wao kwa wao, wakaandikisha kwamba hakuna atakayemwuzia mtu mweusi wala kumpangisha. Mapatano ya namna hiyo yalikuwapo tangu zamani, lakini sasa yalienea miji mingi. Katika mji wa St. Louis, barabara ya Labadie, wenye viwanja 30 kati ya 39 walitia sahihi zao mwaka 1911, na mapatano yalikuwa ya miaka 50. Mwaka 1945 mtu na mkewe, ukoo wao Shelley, wenye watoto sita, walinunua nyumba katika barabara hiyo bila kujua habari za mapatano hayo. Majirani wakaenda kortini ili watolewe. Madalali weusi wa mji ule waliungana kuchanga gharama za kesi, kwa maana hakuna mfanyakazi wa kawaida awezaye kupanda ngazi zote za korti kwa mshahara wake. Kesi nyingine ya namna hiyo hiyo ilitoka mji wa Detroit, na wakili wake mmoja alikuwa Thurgood Marshall wa NAACP.

Kesi hizo zilikatwa pamoja, tarehe 3 Mei 1948. Majaji wa Mahakama ya Juu ni tisa, lakini watatu walijitoa wasisikilize. Hawakutoa sababu, watu wengi wamedhani kwamba nyumba zao wenyewe zilikuwa na hati za namna hiyo. Wale sita waliobaki walikubaliana wote. Walisema kwamba watu wakipatana faraghani, hayo ni yao. Lakini korti ya Serikali haiwezi kuwa mkono wa kutekeleza ubaguzi huo. Kwa hiyo hati zilibaki, meno yakang'olewa.

Hapa twaomba kutoka njiani kidogo, kwa kuwa huyu Bwana Marshall si mgeni kabisa kwetu. Mwezi wa Januari 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House, yeye alikuwa mshauri wao. Alikuwa amekuja Kenya kwanza, kwa mwaliko wa Tom Mboya. Huko London aliandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya nchi yetu. Katiba tuliyopata mwaka 1963 haikuwa rasimu ile yenyewe, lakini kuna jambo moja ndani yake lililotushangaza. Mtu huyu, aliyetumia miaka mingi akiwatetea watu waliofukuzwa katika nyumba kwa sababu ya rangi, alijitahidi sana kuandika ulinzi wa mali ya watu wachache watakaokuwa chini ya serikali ya Waafrika walio wengi: asiyekuwa na nguvu asinyang'anywe bila fidia ya haki, na awe na njia ya kwenda kortini. Hakusema kwamba zamu yetu ya kubagua imefika. Wazee waweza kulitafakari jambo hilo, kwa sababu tutalirudia kabla hatujakaa.

Turudi Marekani. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa, na juma moja baadaye, tarehe 11, Rais Johnson akatia sahihi sheria ya nchi nzima iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kimoja ambacho tulikisoma mara tatu. Ilikataza kumwambia mtu kwamba nyumba haipo, hali ipo, kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Ndiyo kusema uongo wenyewe ulikuwa kosa, hata kama aliyeambiwa hakutoa senti.

Lakini uongo waonekanaje? Mwangalizi akisema nyumba imechukuliwa, wewe uliye nje huna funguo ya kufungua ukatazame. Mtu mmoja peke yake hawezi kujua. Ndiyo sababu vyama vilibuni kazi ya wale tutakaowaita wapimaji.

Kazi yao ni hii. Chama chachagua watu wawili walio sawa kwa kila jambo lihusulo upangaji: mshahara wa namna moja, jamaa ya ukubwa mmoja, mavazi na usemi wa heshima. Wanatofautiana kwa jambo moja tu, rangi. Wanakwenda kwenye nyumba ile ile, kila mtu kwa wakati wake, na wanauliza kitu kile kile. Hawagombani, hawamtegi mwenye nyumba kwa maneno, hawamtii maneno kinywani. Akitoka, kila mmoja anaandika mara moja, kabla hajasema na mwenzake: saa aliyoingia, aliyempokea, alichoambiwa, bei aliyotajiwa, kama alionyeshwa chumba au hakuonyeshwa. Karatasi mbili zawekwa pamoja juu ya meza ya chama, na ule uongo usioonekana mlangoni waonekana mezani.

Tulipolisoma hilo tulikumbuka kijana wetu na rafiki yake wa kazini. Wao walifanya kazi ya wapimaji bila kujua, na sisi tulikuwa meza isiyokuwa na karatasi.

Mjini Richmond, jimbo la Virginia, kulikuwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1971, jina lake Housing Opportunities Made Equal. Chama hiki kiliwasaidia watu kutafuta nyumba, kikapokea malalamiko na kuyachunguza. Pembeni ya mji, kampuni moja iliyoitwa Havens ilikuwa na majengo mawili ya kupangisha yaliyokaribiana; katika moja wapangaji walikuwa karibu weupe watupu, na katika jingine wamechanganyika. Mwezi wa Machi 1978 chama kilituma wapimaji wawili, mwanamke mweusi aitwaye Coleman na mwanamume mweupe aitwaye Willis. Walikwenda tarehe 14, wakaenda tarehe 21, wakaenda tarehe 23. Kila mara yule mwanamke aliambiwa hakuna nyumba, na kila mara yule mwanamume aliambiwa zipo. Mwezi wa Julai mtu mweusi aliyekuwa akitafuta nyumba kwa kweli, wala si mpimaji, aliuliza chumba katika jengo la weupe. Akaambiwa hakuna, labda jengo la pili. Siku ile ile mpimaji mweupe akaambiwa katika jengo la kwanza nafasi ipo.

Mtaona kwamba hawakuridhika na mara moja. Mara moja mwenye nyumba angeweza kusema, "Nilikosea," au, "Chumba kilipatikana saa ile ile." Mara tatu, kosa linakuwa desturi.

Walipofika kortini, kampuni ilitoa hoja ambayo hata sisi, tukiwa wakweli, tuliiona ina nguvu. Ilisema kwamba yule mwanamke hakutaka nyumba. Alikwenda akitazamia kuongopewa, akaongopewa, amepoteza nini? Na chama chenyewe hakikuomba chumba, kinadai nini? Mambo hayo yalipanda hata Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Februari 1982 majaji wote wakajibu. Walisema kwamba sheria imempa kila mtu haki ya kuambiwa kweli juu ya nyumba, na aliyenyimwa kweli hiyo kwa sababu ya rangi yake ameumizwa, hata kama hakutazamia jingine. Kwa sababu hiyo hiyo yule mpimaji mweupe hakuweza kudai kwa njia hiyo, kwa kuwa yeye aliambiwa kweli. Tena chama chaweza kudai kwa jina lake, ikiwa ubaguzi umeiharibu kazi yake ya kuwatafutia watu nyumba na kukimalizia nguvu na fedha. Miongoni mwa majaji hao tisa alikuwamo Thurgood Marshall, aliyekuwa jaji tangu mwaka 1967.

Hatutaki mrudi nyumbani mkidhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Tangu Machi 1978 hata Februari 1982 ni karibu miaka minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitumika kubishana kama wana haki ya kusikilizwa. Hakuna mtu aliyelala katika chumba kwa hukumu hiyo peke yake. Na mwaka 2024 Mahakama ile ile, katika kesi isiyohusu nyumba, ilisema kwamba uamuzi wa 1982 usinyoshwe kupita mahali pake, na kwamba chama hakiwezi kujipatia haki ya kushtaki kwa kutumia fedha zake tu. Wenzetu bado wanapima nyumba, na bado wanalinda kile walichokipata.

Je, sisi tuna sheria? Ndiyo, tena kwa maandishi ni pana kuliko nyingi. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 27, yakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, rangi, dini, ndoa, ulemavu na mengine mengi, na haisemi na Serikali peke yake; yasema kwamba mtu naye asimbague mtu. Kifungu cha 43 chataja haki ya makao yafaayo. Kifungu cha 22 chakiruhusu chama kwenda kortini kwa ajili ya mwanachama wake hata mmoja. Kabla ya hapo, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilitunga Sheria ya mwaka 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, nayo Tume hupokea malalamiko ya ubaguzi wa kikabila. Wakili wetu alitueleza kwamba sheria hizi hazina upungufu mkubwa. Upungufu ni wa watu wa kuzipelekea kitu kilichoandikwa.

Sasa tumefika mahali pagumu, na tumepewa ruhusa ya kupasema.

Kamati ilipojadili habari hizi, mjumbe mmoja mzee, mwenye nyumba za kupangisha, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Karani, mimi ndiye huyo mwangalizi wako." Akatueleza kwamba katika ploti yake hapokei mpangaji asiyekuwa mtu wa kwetu, na kwamba mwangalizi wake ameagizwa kusema nyumba imekwisha chukuliwa. Ukimya uliingia katika chumba. Hakuna aliyejua kama yafaa kumkemea mzee, wala kama yafaa kunyamaza. Kuna methali ya nyani ambayo adabu yatuzuia kuitamka mbele ya wazee, lakini kila mmoja wetu aliisikia kimoyomoyo, tena wengine wetu kwa ajili yetu wenyewe, maana wenye nyumba katika Chama hiki si yeye peke yake.

Tulimwomba atueleze sababu yake, akaeleza. Mwezi wa Januari 2008 alikuwa na wapangaji wa makabila matatu. Vijana walifika usiku langoni wakidai wapangaji wa kabila moja watolewe nje, la sivyo nyumba itateketezwa. Yeye alisimama langoni akawasihi mpaka alfajiri. Nyumba haikuungua, lakini wale wapangaji walihama kesho yake, na mmoja wao hakumwaga. Tangu siku ile aliapa kwamba hatalala tena usiku wa namna ile. "Mimi simchukii mtu," alisema. "Naogopa lango langu."

Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatutajifanya kwamba tunalo leo. Hofu yake ni ya kweli. Lakini kijana wetu naye, aliyesimama mbele ya mwangalizi mwingine katika mtaa mwingine, huenda alinyimwa chumba na mzee mwingine mwenye lango lake na usiku wake wa Januari. Kila mwenye nyumba akipanga watu wa kwao tu, basi siku ile vijana wakirudi hawatahitaji kuuliza nani anakaa wapi. Jambo hili halikusemwa na sisi. Lilisemwa na mke wa mzee yule, ambaye pia ni mjumbe, nasi tuliliandika katika kumbukumbu.

Baada ya mazungumzo ya vikao viwili, Kamati ilipatana mambo yafuatayo, nayo yaletwa mbele yenu myakubali au myakatae.

Ofisi imenunua daftari la jalada gumu. Mwanachama atakayekataliwa nyumba na kuona kwamba sababu ni kabila, dini, ulemavu, au kwa akina mama kwa kuwa hana mume, atafika au atapiga simu siku ile ile, naye ataulizwa yale maswali manne ya wakili. Tutaandika mbele yake, atasoma, atatia sahihi. Ikiwa jambo laelekea kuwa kweli, Kamati itatafuta watu wawili wa kwenda kuuliza nyumba ile, mmoja wa kwetu na mmoja wa jirani zetu. Chama kimoja cha watu wa kabila jingine, ambao nao wana malalamiko yao, kimekubali kubadilishana nasi watu wa kazi hiyo, na kwetu hilo ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Gharama za nauli zitatoka katika mfuko wa kawaida, wala mfuko wa maziko hautaguswa. Mweka hazina ametutaka tulitamke hilo kwa sauti, nasi tumelitamka. Kwanza mwenye nyumba ataandikiwa barua ya heshima na kuitwa tuzungumze. Asipojibu, shauri litapelekwa kwenye Tume, na kortini ikiwa wakili ataona vema.

Hakuna mtu atakayetumwa kugombana. Hakuna jina litakalosomwa hadharani kabla mwenyewe hajasikilizwa. Vijana wanaopenda kuweka kila jambo katika simu zao watuwie radhi. Daftari hili halitapigwa picha.

Kwa majaribio, tulilifungua miezi mitatu iliyopita. Limekwisha pata kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ni wa fundi cherehani aliyekataliwa na mwenye nyumba wa mtaa wa pili; barua ilikwenda, akajibiwa, naye amehamia. Ukurasa wa pili na wa tatu bado wachunguzwa, na huenda mmoja ni kosa la kuelewana tu.

Ukurasa wa nne haukuletwa na mwanachama wetu. Uliletwa na kile chama cha jirani zetu, kwa mujibu wa mapatano yetu. Msichana wa kwao, mwuguzi, aliuliza chumba tarehe iliyoandikwa, saa kumi na robo ya jioni, akaambiwa kimekwisha chukuliwa. Siku ya pili, asubuhi, mtu wa kwetu aliuliza chumba kile kile akaambiwa aje na amana. Nyumba hiyo ni ya mwanachama wa Chama hiki. Si yule mzee wa Kamati; yeye tangu mwezi uliopita ana mpangaji mmoja mgeni, na ametuomba tusiseme zaidi ya hapo.

Wajumbe wengine wa Kamati wanaona ukurasa huo ufutwe, kwa kuwa Chama kiliundwa kuwatunza watu wake, si kuwashtaki. Wengine wanaona tukiufuta, hatuna uso wa kuwaandikia watu wengine barua. Kamati ilipiga kura, ikagawanyika sawasawa, na Mwenyekiti akakataa kutoa kura yake ya mwisho; alisema neno hili ni la mkutano mzima.

Daftari liko hapa mezani, limefungwa. Tunawaomba wazee mtuambie kama ukurasa wa nne utabaki.